Saadani: Mji Uliokuwepo Kabla ya Hifadhi

Ndugu wana-Itaka, kwetu bahari ni habari ya mbali. Kahawa yetu huiona kabla yetu. Magunia yakishaingia barabara kuu itokayo Tunduma, mwisho wa safari ni melini. Kwa hiyo mwenzetu aliyeko Dar es Salaam au Morogoro akipata siku mbili za mapumziko, asiishie Mikumi, ambako tembo tunawaona bure kupitia dirisha la basi. Avuke Chalinze, aende Saadani.

Hifadhi ya Taifa Saadani ilianzishwa rasmi mwaka 2005. Ina takribani kilometa za mraba 1,100 katika mikoa ya Pwani na Tanga, na nyika yake, yenye twiga na tembo, inafika hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Mto Wami unamwaga maji humo. Ukipanda boti mtoni utaona viboko na mamba, na karibu na bahari utaingia kwenye mikoko. Kwa asiyewahi kuiona, ni miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. Maji yakipwa, mizizi inabaki wazi juu ya matope. Watu wa pwani walijengea nyumba boriti zake, na majahazi yakazibeba hadi Uarabuni. Kaskazini, ufukwe wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga mayai.

Lakini anayeonyeshwa wanyama tu anarudi na nusu ya habari. Saadani ilikuwa mji na bandari. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka hapo kutoka bara, na mji ulishindana na Bagamoyo. Mtawala wake, Bwana Heri, alisimama dhidi ya Wajerumani katika vita vilivyoanza mwaka 1888. Juni 1889 mji ulipigwa mizinga na kutekwa. Yeye akarudi bara na watu wake, akajenga ngome, akaendelea kupigana hata baada ya Abushiri kunyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Alisalimu amri Aprili 1890. Shuleni tulimsoma Abushiri. Bwana Heri, kwa maoni yangu, alistahili kurasa zaidi.

Sehemu nyingine ya hifadhi, Mkwaja, ilikuwa ranchi ya kampuni ya Amboni tangu miaka ya 1950. Maelfu ya ng'ombe walifugwa humo, ndorobo wakawasumbua miaka yote, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Wafugaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Pori la akiba lenyewe lilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanakijiji wa Saadani wanasimulia kwamba wazee wao ndio waliokubali wanyama walindwe, kwa makubaliano kwamba makazi yao, pamoja na kitongoji cha Uvinje kilichoko ufukweni, yasiguswe. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa, Uvinje ikajikuta ndani ya mipaka, na mgogoro ukadumu miaka mingi. Hoja kubwa ilikuwa moja: mpaka ulipita wapi, na ni nani aliyeuandika?

Swali hilo linatuhusu. Vitabu vinasema Kimondo cha kule Ndolezi kiligunduliwa mwaka 1930, kana kwamba Wanyiha waliolima jirani nacho hawakuwa na macho. Sisi wenyewe, mipaka ya vitongoji vyetu, chemchemi na misitu ya matambiko bado iko vichwani mwa wazee wachache, na kila mwaka tunamzika mmoja wao.

Kwa hiyo, kamati inapopanga matumizi ya michango ya mwaka huu, baada ya madawati na bati, naomba litengwe fungu dogo: nauli ya vijana wawili, daftari, na kinasa sauti. Waanze na wazee waliovuka miaka themanini, wapite nao mpakani kwa miguu kabla ya mvua za Novemba.