Damu Puani: Historia ya Maradhi ya Farasi wa Mbio

Farasi anapokimbizwa kwa kasi yake yote, mishipa midogo ya damu ndani ya mapafu yake hupasuka na damu ikaingia katika njia za hewa. Mara nyingi damu hiyo hubaki humo humo, asiione mtu. Mara chache huteremka hadi puani, hasa farasi anapoinamisha kichwa baada ya mashindano. Kwa zaidi ya miaka 200 kile kidogo kilichoonekana puani ndicho kilichohesabiwa kuwa maradhi yenyewe, na historia ya tatizo hili kwa sehemu kubwa ni historia ya watu kudanganywa na pua.

Aina ya farasi inayotawala mbio za kasi duniani ilistawishwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, kwa kuwapandisha majike wa huko na madume wachache walioletwa kutoka Mashariki. Mmoja wa madume hao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, na kufikishwa Yorkshire mwaka 1704. Kati ya watoto wake walikuwemo wawili wa mama mmoja. Flying Childers alivuma kwa mbio zake. Mdogo wake, Bartlett's Childers, hakushindana hata mara moja kwa sababu damu ilimtoka puani kila alipofanyishwa mazoezi, na watu wakampachika jina la Bleeding Childers, yaani Childers Mvuja Damu. Hata hivyo hakutupwa. Alitunzwa awe dume la mbegu, na kitukuu chake ni Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764 na kustaafu bila kushindwa. Ukifuata ukoo wa baba, farasi wengi mno wa mbio wa leo wanaishia kwa Eclipse, na kwa hiyo kwa yule mvuja damu.

Herod, aliyezaliwa mwaka 1758, alipatwa na balaa hilo hilo. Mwaka 1766, akiwa mbioni mjini York, alipasuka mshipa akatokwa na damu nyingi. Baadaye akawa dume aliyeongoza Uingereza kwa ushindi wa watoto wake miaka minane mfululizo, kuanzia 1777 hadi 1784. Wafugaji hawakuwa wajinga wa mambo ya urithi. Walijua vizuri kwamba mwana hufuata baba. Ila kasi ililipa, na damu puani ikachukuliwa kuwa gharama ya kawaida ya biashara.

Kisa kilichovuma kuliko vyote ni cha Hermit. Mwenyewe, Henry Chaplin, alikuwa amenyang'anywa mchumba na Marquess wa Hastings, ambaye mwaka 1864 alitoroka na bibi huyo siku chache kabla ya harusi. Hastings alikuwa mcheza kamari asiyejizuia, na akaweka dau kubwa kwamba Hermit hatashinda Derby ya Epsom ya mwaka 1867. Siku chache kabla ya mashindano Hermit akatokwa na damu mazoezini. Bei yake kwa wachukua dau ikaporomoka hadi 1,000 kwa 15, na Hastings akajiona keshapata. Siku ya Derby kulikuwa na baridi kali na theluji. Hermit, akiendeshwa na Johnny Daley, alikuja mwishoni akashinda kwa urefu wa shingo. Inasemekana Hastings alipoteza pauni 120,000. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 26. Hermit naye aliongoza orodha ya madume wa mbegu miaka saba, 1880 hadi 1886.

Matibabu ya mazizini hayakuwa na mengi: mapumziko, kunyimwa maji na nyasi kabla ya mbio, na kutolewa damu kwa kuchanjwa mshipa wa shingo, jambo lililofanywa karibu kwa kila ugonjwa wa farasi. Kunyima maji si upuuzi kama unavyoonekana, kwa sababu dawa iliyokuja baadaye nayo hupunguza maji mwilini.

Mabadiliko yaliletwa na mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kioo, ambao daktari wa mifugo huupitisha puani hadi ndani ya bomba la hewa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliowachungulia farasi baada ya mashindano waliiona damu kwa wanyama ambao pua zao zilikuwa safi kabisa. Huko Melbourne, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha farasi 744, kila mmoja akiangaliwa mara moja baada ya mbio. Asilimia 55 walikuwa na damu. Farasi mmoja akichunguzwa tena na tena, karibu kila mara huonekana na damu siku moja au nyingine. Kilichodhaniwa kuwa dosari ya koo chache kikawa hali ya kawaida ya mnyama mzima.

Chanzo kilielezwa vizuri katika miaka ya 1990 na John West wa San Diego, mwanafiziolojia ambaye awali alichunguza mapafu ya binadamu katika mlima Everest. Farasi mbioni hubana wengu wake na kumwaga chembe nyekundu kwenye damu, ikawa nzito. Moyo hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, na shinikizo katika ateri ya mapafu hupita milimita 100 za zebaki. Ukuta unaotenganisha damu na hewa lazima uwe mwembamba ili oksijeni ipenye; unene wake ni chini ya elfu moja ya milimita. Kwa shinikizo hilo hauna budi kuchanika.

Furosemidi, dawa ya kukojoza wanayopewa pia wagonjwa wa moyo waliovimba miguu, ilienea katika viwanja vya Marekani kuanzia miaka ya 1970. Farasi hudungwa saa nne kabla ya mbio na hupoteza kilo 10 hadi 15. Mabishano yalikuwa kama inatibu au inampunguzia tu uzito. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Afrika Kusini kwa farasi 167, waliokimbia mara mbili, wakidungwa dawa mara moja na maji ya chumvi mara nyingine: dawa ilipunguza uvujaji waziwazi, lakini haikuukomesha.

Ulaya, Hong Kong na Japani hawaruhusu dawa siku ya mashindano. Marekani imeanza kuelekea huko: Kentucky Derby ya mwaka 2021 ilikimbiwa bila furosemidi, na sheria ya shirikisho ya mwaka 2020 iliweka mamlaka moja ya kusimamia dawa katika mchezo huo. Australia, farasi akitokwa na damu katika pua zote mbili hufungiwa miezi mitatu. Akirudia, haruhusiwi kushindana tena. Damu iliyobaki kwenye bomba la hewa, hata ikiwa nyingi, haimfungii farasi yeyote.