Sugu kwa dawa gani?

Sugu ni ngozi iliyokomaa kiganjani au mguuni kwa kusuguliwa muda mrefu. Hospitalini tuna ugonjwa sugu, usiopona haraka, na usugu wa dawa, yaani dawa kutofanya kazi tena. Maana hizi mbili zikichanganywa kwenye saratani ya matiti, zinaumiza: mgonjwa akiambiwa “saratani yako imekuwa sugu”, husikia kwamba tiba imekwisha.

Sivyo. Usugu huwa dhidi ya dawa fulani, na mara nyingine chanzo chake kinapimika. Letrozoli, dawa wanayopewa hasa waliokoma hedhi, hupunguza estrojeni inayochochea uvimbe. Baadhi ya seli za saratani hupata mabadiliko katika jeni ya ESR1. Kwa mabadiliko hayo, kipokezi cha estrojeni huendelea kufanya kazi hata homoni ikiwa haba. Hapo letrozoli hushindwa. Elasestranti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa saratani ya aina hiyo iliyosambaa, hukiendea kipokezi chenyewe na kukivunja. Mabadiliko hayo huweza kuonekana kwa kipimo cha damu.

Naona ni dhuluma kumwachia mgonjwa neno hili likiwa nusu. Madaktari, na sisi waandishi, tutaje daima: sugu kwa dawa gani.