Uchungu wa Žatec, Uchungu wa Oregon

Mwulize mnywaji bia ina ladha gani, atakujibu "chungu" na kuendelea kunywa. Lakini uchungu nao una koo zake. Wa bia hutoka kwenye hopi, mmea unaopanda kamba hadi mita sita na zaidi. Yanayofaa ni maua ya mmea jike, yenye unga wa manjano uliojaa utomvu mchungu na mafuta ya kunukia.

Saaz ni hopi ya Žatec, huko Ucheki. Asidi zake za alfa, zile zinazogeuka uchungu zikichemshwa, ni kama asilimia 3 hadi 4 tu, na harufu yake ni ya majani makavu na viungo kwa mbali. Josef Groll alipopika bia ya pilsner ya kwanza mjini Plzeň mwaka 1842, alitumia hopi hiyo na maji laini mno. Hapo hopi ni chumvi kwenye mchuzi: ikikosekana utajua, ikiwepo huitaji.

Hopi ya Cascade ilizaliwa Oregon, Marekani, ina damu ya Fuggle ya Uingereza, na wakulima walianza kupewa mwaka 1972. Asidi zake ni asilimia 5 hadi 7, si mbali sana na Saaz. Sasa onja! Kampuni ya Sierra Nevada, iliyoanza kupika bia California mwaka 1980, huitia mwishoni mwa kuchemsha ili mafuta yasiruke na mvuke, na kinachokupokea puani ni balungi. Chumvi imekuwa mchuzi wenyewe. Ndiyo maana siwaelewi wanaochagua hopi kwa kusoma namba ya alfa kwenye pakiti, kana kwamba wanalinganisha bei za sukari.

Si kila uchungu wa pombe hutoka kwenye hopi. Kilimanjaro haikuhitajika, na isingestawi vizuri: hutaka mchana mrefu wa kiangazi, nao karibu na ikweta haurefuki. Wachaga hutia gome la msesewe kwenye mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi. Gome halileti harufu ya maua wala ya balungi. Kunukia kumeachiwa ndizi. Kazi ya gome ni kuuzuia utamu usitawale, na kwa hilo mbege naiona jirani wa Plzeň kuliko wa California. Mpishi hulipima kwa mkono na ulimi, maana likizidi kidogo tu, kata hurudi imejaa.