Kompyuta ya Vipande

Juma lililopita niliahidi kuzungumzia pamba. Pamba itasubiri. Siku ya Jumanne mpwa wangu alinijia hapa Didia na bahasha mkononi, na ndani yake mlikuwa na shilingi laki tano, fedha za mpunga aliouza mama yake, yaani dada yangu. Akaniamkia, akaketi, akasema: “Mjomba, nataka kununua vipande vya kompyuta niunde mwenyewe, nifungue stesheneri.”

Kwa ninyi mlioko mijini jambo hili ni dogo. Lakini kijana wa Didia akitaka kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo hupanda gari hadi Shinyanga mjini, akalipa nauli, akalipa tena ukurasa kwa ukurasa, na mtandao ukigoma hurudi kesho yake. Kwa hiyo sikumcheka. Nilimwambia tu kwamba kabla hajatoa shilingi, anisikilize nimweleze kompyuta ilitufikiaje.

Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitoka kampuni ya Kiingereza ya ICT. Hiyo haikuwa ya kuchagua vipande. Ilikuja nzima, ikategemea wataalamu wa kigeni, na hatimaye hesabu za Hazina zikavurugika badala ya kunyooka. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Wako wanaoucheka uamuzi ule. Mimi siucheki. Ilikuwa miaka ya mafuta kupanda bei na ya kununua chakula nje, na fedha za kigeni zilihesabiwa senti kwa senti.

Ubaya wake ulikuwa wakati. Mwezi Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa vipande, kwa posta, chini ya dola 400, mnunuzi aiunde mezani kwake. Sisi tulifunga mlango kwa kuogopa tembo, na nyuma ya tembo alikuwa anakuja mbuzi. (Marufuku ililegezwa kidogo kidogo baadaye, lakini muda ulikuwa umekwisha kupotea.)

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo. Kwa kuwa ilikuwa na haraka, ilinunua vipande kwa wengine: prosesa kwa Intel, programu ya kuendeshea mashine kwa Microsoft. Michoro yake ikaitangaza wazi. Ilichokilinda kwa hakimiliki ni programu ndogo ya kuiamsha mashine, iitwayo BIOS. Mwaka 1982 Compaq wakaonyesha mashine yenye BIOS waliyoiandika wenyewe bila kunakili, na baada yao kila mwenye karakana, hasa Taiwan, akawa mtengenezaji. Mwaka 1995 Intel ikatoa vipimo vya ATX: ukubwa wa ubao mama, mahali pa skrubu, mpangilio wa nyaya za umeme. Ndiyo sababu ubao mpya waweza kuingia katika kasha kuukuu.

Waweza, nasema. Mwaka 2003 nilikabidhiwa na shule moja mashine mbili mbovu nizifanye moja nzima. Nikachukua paua saplai ya hii nikaichomeka kwenye ubao wa ile. Plagi iliingia bila kulazimishwa. Kumbe mtengenezaji mmojawapo alikuwa ametumia plagi ileile ya kawaida lakini nyaya akazipanga kwa namna yake, ili mnunuzi arudi kwake. Moshi ulitoka mbele ya mwalimu mkuu, na ubao ule niliulipa kwa miezi minane.

Kwa hiyo nilipoiona karatasi ya mpwa wangu, imeanza na kadi ya picha ya michezo, na paua saplai iko mwisho kabisa, “yoyote ya bei rahisi”, nilichukua kalamu nikaipindua. Kadi ya picha nikaifuta. Kupiga chapa barua hakuihitaji. Paua saplai nikaiweka juu, kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na ya bei rahisi ikiungua huondoka na wenzake. Nikamwambia ahesabu matundu ya plagi: 24 ndiyo ya kawaida. Mashine nyingi za ofisini za mtumba zina sita au nane, na hizo vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi.

Tulipobishana sana ni juu ya prosesa. Yeye alitaka Core i5 ya kizazi cha nne, kwa kuwa ni rahisi. Ni kweli ina nguvu za kutosha kabisa. Lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 haikubali rasmi chini ya kizazi cha nane. Ya kizazi cha nane ingemeza bahasha yote, na printa je? Nikamshauri achukue hiyo ya nne, iwe mashine nzima ya mtumba, kwa sababu nilipopiga hesabu, vipande kimoja kimoja vilikuwa ghali kuliko kasha zima. Aongeze SSD mpya, na aweke Linux, ambayo hailipiwi. Akaguna: “Wateja watakuja na kazi za Word, Mjomba.” Nikamkumbusha kwamba mwaka 2004 mradi ulioendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mrithi wa OpenOffice, LibreOffice, hufungua kazi za Word, japo mara nyingine huvuruga mistari. Hilo nililikiri.

Stabilaiza yangu nimempa. Dada yangu alipopiga simu usiku hakuuliza habari ya prosesa. Aliuliza kama fedha zikiisha kabla ya mashine kuwaka, mbegu za msimu ujao atanunua nani. Nikasema nitanunua mimi. Kijana anasafiri Jumamosi. Pamba, basi, tutaizungumza juma lijalo.