Maji ya Bure

Sisi wazee wa Mkoani tunapokutana barazani baada ya sala ya Alasiri, hatuchelewi kuyafikia mazungumzo ya bili ya maji. Hapo lazima mmoja wetu atasema kwamba zamani maji yalikuwa bure, na sisi wengine tutaitikia. Mimi nami niliitikia miaka mingi, mpaka siku nilipoamua kuifanya hesabu hiyo kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto darasani: kwanza uliza kimetolewa nini, kisha uliza kimetolewa na nani.

Kisiwa chetu cha Pemba hakikunyimwa maji. Masika na vuli hutunyeshea vizuri, na chini ya kila kilima kuna bonde. Lakini nyumba ziko juu na maji yako chini. Katika miaka ya 1950, nilipokuwa mtoto, kisima chetu kilikuwa bondeni, kando ya makonde ya mpunga, na aliyeshuka na kupanda alikuwa dada yangu. Alichukua debe la galoni nne, yaani kiasi cha lita 18, na alikwenda safari sita kwa siku. Kila safari, pamoja na kungoja zamu kisimani, ilimpotezea kama nusu saa. Kwa hiyo maji ya nyumba yetu yalikuwa saa tatu za dada yangu kila siku. Mimi nilikwenda skuli na baadaye Chuo cha Ualimu Nkrumah, Beit-el-Ras. Yeye alikwenda chuoni kusoma Kurani, basi.

Historia yetu imejaa hesabu za namna hii. Katika mji wa Unguja, maji yalichukuliwa vichwani, na vichwa vingi vilikuwa vya watumwa. Visima vilikuwa karibu na vyoo na uchafu, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Ni Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyeyaleta mjini kwa mfereji maji ya chemchem za upande wa Bububu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali iliyachukulia maji kuwa huduma ya wananchi wote, na hatukutozwa kwa miongo kadhaa. Kisha ikaja sheria ya 2006, ikaundwa Mamlaka ya Maji Zanzibar, na tukaanza kuchangia. Wengi walinung'unika. Lakini pampu haiendi kwa dua peke yake. Inataka umeme, na bomba likipasuka linataka fundi. Wakati wa maji yasiyotozwa, aliyekuwa na mfereji alinufaika. Asiyekuwa nao aliendelea kulipa kwa shingo yake.

Naandika hayo kwa sababu nina deni. Nilipokuwa mwalimu mkuu, nilisimama asubuhi penye lango la skuli na bakora mkononi, nikiwangoja wachelewaji. Wengi wao walikuwa wasichana. Miguu yao ilikuwa na tope la bondeni na mitandio yao imelowa mabegani. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na bado niliwapiga. Wala sikumkumbuka dada yangu hata siku moja.

Ungedhani uzee umenifunza. Miaka michache iliyopita tulifungiwa mita, na bili ya mwezi wa tatu ilipanda kupita kiasi. Sikuuliza mara mbili. Nilimwita mjukuu wangu, anayefua nguo za nyumba nzima, nikamgombeza mbele ya wenzake kwamba anamwaga maji kama mtoto wa mfalme. Hakunijibu kitu. Usiku ule, kabla ya kulala, alifunga mifereji yote akaziandika namba za mita kwenye daftari lake. Alfajiri aliniamsha akanionyesha.

"Babu, sote tumelala, na zimekwenda lita 90."

Tukatafuta. Alitia bizari kidogo ndani ya tangi la choo, na bila ya mtu kuvuta maji, baada ya muda mfupi rangi ya manjano ikaonekana chini katika bakuli. Mpira wa ndani ulikuwa umechakaa. Choo chenyewe ni kile cha chumbani kwangu, na hakuna akitumiaye ila mimi.

Lita 90 kwa usiku mmoja ni lita 2,700 kwa mwezi. Nikazigawa kwa debe: madebe 150. Dada yangu angeyapandisha kwa siku 25. Mpira mpya ulikuwa rahisi kuliko bili iliyozidi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na mimi gogo langu lilikuwa likiisha nikiwa nimelala.

Tangu siku hiyo, mita husomwa kwetu usiku na alfajiri kila mwanzo wa mwezi. Kutawadha tunatumia kopo, si mfereji ulio wazi. Nilipopima, mfereji ulikula nusu ndoo, na kopo la lita mbili lilinitosha na kubaki. Mtume wetu alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Maji ya kusuuzia nguo yanakwenda kuoshea sakafu au chooni. Na mvua tunaikinga. Bati la mita 8 kwa mita 5, ikinyesha mvua ya milimita 25, linatoa lita 1,000, ambazo ni uniti nzima ya mita.

Wala si suala la shilingi tu. Sensa ya 2002 ilihesabu Wazanzibari 984,625. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu wamekaribia kuwa mara mbili katika miaka 20, na ardhi inayoyanywa maji ya mvua kwa ajili yetu haikuongezeka. Ninayoyaacha yapotee mimi niliye karibu na bomba kubwa, hayamfikii aliye mwisho wa mstari, na huko mwisho wa mstari bado kuna msichana na ndoo.

Mjukuu wangu nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomgombezea mbele yao. Kisha nilikwenda kwa dada yangu, ambaye Mungu amemjaalia uhai, nikamsomea hesabu ya madebe 150. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ala! Mdogo wangu," akasema, "hata hilo mpaka uletewe mita?"

Barazani bado wanasema kwamba zamani maji yalikuwa bure. Siku hizi mimi huwauliza kila mmoja jina la aliyekuwa akiwatekea.