Kitabu cha picha kilichonifundisha kukumbuka

Wengi mnanijua kama yule kijana anayechora kwenye magunia. Leo sileti picha, naleta kitabu. Kati ya vitabu vyote vya picha ninavyovipenda, hiki ndicho cha kwanza.

Kinaitwa Remembering the Present, kilitoka 1996. Aliyekiandika ni Johannes Fabian, profesa Mjerumani aliyefundisha chuo kikuu Lubumbashi. Lakini picha na masimulizi ni ya mtoto wa nyumbani, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947 mji huohuo, zamani ukiitwa Élisabethville.

Tshibumba alikuwa mchoraji wa mtaani. Alichora kwenye kitambaa cha magunia ya unga, kisha anazunguka kuuza. Watu walitaka picha ya kuning'iniza sebuleni, lakini yeye alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya 100: wafalme wa zamani, kuja kwa Wabelgiji, uhuru, vita vya Katanga, mpaka Mobutu. Kila akileta picha, wanakaa, anaieleza kwa Kiswahili cha kwetu huku sauti inarekodiwa. Ndiyo maana ukisoma unaona kama mzee anakusimulia na kukuonyesha kwa kidole.

Picha inayonishika zaidi ni ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu. Waliuawa karibu na mji wa Tshibumba, miili ikaharibiwa, kaburi halikuwepo. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja tu la Lumumba. Tshibumba hakuwepo siku ile, na misalaba ile hakuna aliyeiona. Lakini aliwapa watu mahali pa kutazama na kulia.

Jamani, sisi tumeacha makaburi mangapi nyuma?

Niseme ukweli. Mimi nilikuwa nachora simba na jua linalozama, maana wageni wananunua hizo. Baada ya kitabu hiki nilimwendea bibi yangu, nikamwomba anieleze nyumba yetu ilivyokaa kabla ya kukimbia. Alinisahihisha mara tatu: mwembe ulikuwa upande wa jiko, si mlangoni. Picha hiyo siuzi.

Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake. Picha zake zile ziko kwenye makumbusho Amsterdam, mbali na Lubumbashi. Lakini alikuwa na tabia ya kuandika jina la tukio juu ya picha yenyewe, na ndiyo maana leo hatubahatishi.

Basi wachoraji wenzangu, muulizeni mzee mmoja wiki hii, mchore anachokumbuka. Msisahau kuandika mahali na mwaka. Hata kama mna gunia tu, linatosha.