Mvua ya Kilosa huanza baharini

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la bahari, maneno yake huwa karibu yaleyale: upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2, katika pwani ya Lindi na Mtwara, au Tanga, Dar es Salaam na Pwani pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Mvuvi hutega sikio, na nahodha wa boti ya abiria vilevile. Mkulima wa mahindi wa kata ya Masanze, wilayani Kilosa, yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka ufukweni, na hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kudhani kwamba habari za bahari zinamhusu. Zinamhusu. Wimbi la Kilwa halitafika shambani kwake, lakini joto la maji ya Bahari ya Hindi na upepo unaopita juu yake ndivyo vinavyoamua, kwa sehemu kubwa, kama vuli yake itakuwa ya ukame au ya mafuriko. Tukifuatilia historia, tunaona kwamba utabiri wa bahari ulitenganishwa na utabiri wa mvua kwa sababu za kiofisi na za kibiashara. Anga lenyewe halijui mpaka huo.

Wazee wa mwambao hawakuutenganisha. Kalenda ya Nairuzi, ambayo mwanzo wake bado husherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, ilihesabu siku 365 kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Hesabu hiyohiyo ilimwongoza baharia na mkulima: wa kwanza akijua lini kusi itakoma na kaskazi ianze kuvuma, wa pili akijua lini asafishe shamba na lini aatike mbegu. Ahmad ibn Majid, baharia wa Oman aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mnamo 1490, alipanga safari za pwani hii kwa misimu ya upepo, naye alikuwa anaandika mambo yaliyokwisha kuwa mazoea ya karne nyingi. Hata njia za misafara zilizopanda kutoka Bagamoyo na kupita nchi ya Usagara zilifuata mwendo wa bahari, kwani bidhaa zilifika na majahazi ya kaskazi na kuondoka na kusi. Bara na bahari vilikuwa na saa moja.

Utaalamu wa kisasa ulikuja na vipaumbele vingine. Idara ya kwanza ya hali ya hewa ya makoloni ya Waingereza katika Afrika Mashariki ilianzishwa 1929, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini: Walter alikuwa ametoka Mauritius, alikoongoza kituo kilichojijengea jina kwa kuchunguza vimbunga vya Bahari ya Hindi. Mtu aliyeielewa bahari hii ndiye aliyekabidhiwa kazi, na bado huduma iliyojengwa ilielekea kwingine, kwa sababu mwenye fedha alikuwa rubani. Ndege za Imperial Airways zilianza safari za Afrika Mashariki 1931, na kilichotakiwa kila asubuhi kilikuwa mawingu na upepo wa viwanja vya ndege. Bandari zilipewa taarifa zao. Bara lilipewa vipima mvua, na katika nchi ya mkonge kama Kilosa hiyo ilimaanisha kuandika milimita zilizokwisha kunyesha. Hesabu hizo ni hazina hadi leo, lakini ni kumbukumbu ya jana. Mkulima hakuambiwa ya kesho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilibaki na kipande chake cha idara, ikakipa sheria 1978, ikakigeuza kuwa wakala 1999, kisha mamlaka 2019. Mgawanyo wa zamani ulisafiri pamoja na mafaili.

Ushahidi mkubwa dhidi ya mgawanyo huo ulijitokeza katika mwaka wa uhuru wenyewe. Mwaka 1961 ulianza kwa ukame sehemu nyingi za Tanganyika, watu wakisaidiwa chakula. Kisha vuli ikaja kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya mwaka huo na 1964. Pasifiki haikuwa na El Nino mwaka huo, kwa hiyo mvua zile hazina maelezo kutoka huko. Msafara mkubwa wa kimataifa wa kuichunguza Bahari ya Hindi ulikuwa ukiendelea wakati huohuo, ukiwa na meli za mataifa mengi, lakini vipimo vyake vilikuwa vya hapa na pale, na miaka karibu 40 ilipita kabla ya mtu kuunganisha mambo hayo. Septemba 1999 Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kile tunachokiita leo dipoli ya Bahari ya Hindi, na 1961 ulikuwa mmoja wa miaka waliyoionyesha.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Katika mwaka wa kawaida maji ya moto zaidi hukaa upande wa Indonesia, na mawingu mazito hukaa hukohuko. Katika mwaka wa dipoli chanya upepo kwenye ikweta hugeuka na kuvuma kutoka mashariki, maji baridi huibuka karibu na Sumatra, na joto husukumwa kuelekea kwetu. Hewa iliyobeba unyevu huingia bara kwa wingi na kukutana na safu za milima. Kilosa iko chini ya milima ya Rubeho na Ukaguru, na hapo ndipo hewa hiyo inapolazimika kupanda, kupoa na kumwaga mzigo wake. Mto Mkondoa nao huleta maji ya mbali zaidi, kwa kuwa unapokea Kinyasungwe kutoka upande wa Dodoma. Ukishapita mjini Kilosa maji yake huendelea hadi Wami na kurudi baharini karibu na Saadani.

Kwa nini basi wananchi wote wanalijua jina la El Nino na ni wachache waliowahi kusikia habari za dipoli? Mvua za 1997 na 1998 ndizo zilizotupa jina hilo. Pasifiki ilikuwa imekamilishiwa mtandao wake wa maboya ya vipimo, yapata 70, mwishoni mwa 1994. Dunia iliiona El Nino ikija, ikaitangaza kwa jina, na redio zetu zikalichukua. Bahari yetu haikuwa na mtandao wa namna hiyo. Maboya yake yalianza kupangwa kwa utaratibu baada ya 2000, na upande wa magharibi, yaani upande wetu, ulicheleweshwa zaidi na maharamia wa Somalia, kwa kuwa meli za utafiti hazikuweza kwenda kuyatia nanga. Tuliita mafuriko yetu kwa jina la bahari ya wengine kwa sababu ndiyo iliyopimwa. Mwaka 1997 dipoli nayo ilikuwa na nguvu kubwa, ila haikuwa na mtangazaji.

Watakuwapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa majina, kwa kuwa mambo haya mawili mara nyingi huja pamoja. Ni kweli huja pamoja, kama ilivyokuwa 1997 na tena 2023. Lakini tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba El Nino inayokuja bila dipoli ina nguvu ndogo juu ya vuli ya Afrika Mashariki, na 2019 ilithibitisha upande wa pili: Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, dipoli ikawa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa, Australia na Indonesia zikaungua kwa ukame, sisi tukazama. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kiwango cha 1964. Aliyekuwa akisubiri tangazo la El Nino mwaka 2019 hakuonywa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka Kilosa kwenyewe. Mafuriko makubwa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyovunja tuta la Mkondoa, kukata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu katika mahema, hayakuja katika mwaka wa dipoli kali. Wala ya Januari 2014, yaliyokata barabara ya Morogoro–Dodoma huko Dumila na Magole. Dipoli hufifia kwa kawaida mwezi wa Desemba, na Kilosa iko mahali ambapo Morogoro ya kaskazini, yenye vuli na masika, inakutana na ya kusini, yenye mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo dipoli peke yake haitoshi, na yeyote anayeiuza kama jibu la kila kitu anawapotosha watu. Tena tuta lililochakaa na milima iliyokatwa miti hugeuza mvua ya wastani kuwa janga. Hata hivyo pingamizi hili halituondoi baharini. Kuanzia Januari kinachotawala ni ukanda wa mvua unaofuata jua kwenda kusini, pamoja na vimbunga vya upande wa Madagaska na Msumbiji, ambavyo kwa kutegemea mahali vilipo huweza kutusukumia unyevu au kutunyang'anya. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, masika yetu yalichelewa. Mei 2024 Hidaya kilifika hadi Mafia, katika nchi iliyozoea kusema kwamba vimbunga haviji huku, ingawa Zanzibar ilipigwa Aprili 1872 na Lindi Aprili 1952.

Mwisho, kuna wanaosema kwamba utabiri wa msimu ni makadirio tu, na mkulima hawezi kula makadirio. Lakini mkulima wa Masanze hukisia kila mwaka: ama apande mahindi bondeni karibu na mto au juu kidogo, ama akope mbegu za mpunga au asubiri. Joto la bahari hupimwa, na dipoli huwa imeshajionyesha kufikia Septemba, wiki kadhaa kabla ya uamuzi huo na kabla halmashauri haijapanga fedha za kuzibua mifereji na kukarabati matuta. Setelaiti na maboya vinayapima maji yale kila siku. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja katika taarifa ya msimu inayofika Kilosa, wenye kumweleza ofisa ugani bahari ikoje mwaka huu, ilikuwaje 1961, 1997 na 2019, na Mkondoa ulifanya nini katika miaka hiyo.